Misuli ya Nyuma ya Mapaja: Namna ya Kuilegeza na Kuitunza

Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa kaya zizungumzazo Kiswahili nchini Uingereza



Katika kaya nyingi za Waswahili waishio nchini humu, wawe wametoka Lamu au Mombasa, Unguja au Bukavu, Barawa au Dar es Salaam, kuna lalamiko moja ambalo husemwa nyumbani na mara chache hufika kwa daktari: miguu imekaza. Mama huinama kuokota kiatu cha mtoto akahisi kamba ikivutwa nyuma ya goti. Dereva hushuka garini baada ya zamu ndefu na hatua zake za mwanzo zikawa za mtu mwenye umri mara mbili ya wake. Mzee aliyezoea kukaa mkekani tangu magharibi hadi isha huomba kiti; baadaye huona haya kuomba kiti kila aendapo, na mwishowe huacha kwenda. Ukakamavu wa miguu huanza kama jambo dogo la mwili, kisha huingia katika kazi, katika ibada na katika ujirani.

Wengi huusingizia umri au baridi ya Ulaya, na wakishauriwa kufanya mazoezi hujibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ilisemwa kwa ajili ya malezi, haikusemwa kwa ajili ya misuli. Misuli ni tishu hai, na katika umri wowote hujirekebisha kulingana na kazi inayopewa. Mtu wa miaka 70 huweza kuinyumbusha miguu yake kama awezavyo mtu wa miaka 30, ila huhitaji subira zaidi na uangalifu zaidi. Mazungumzo haya yanaeleza misuli hiyo ni ipi, kwa nini hukaza, namna ya kuilegeza nyumbani bila gharama, na dalili zinazoonyesha kwamba tatizo si la kunyooshwa bali ni la kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa.

MISULI YENYEWE

Nyuma ya kila paja kuna misuli mitatu mirefu. Huanzia kwenye mfupa wa makalio, ule ambao mtu huukalia, hushuka nyuma ya paja, huvuka goti na kushikamana kwa kano na mifupa ya mguu wa chini, upande wa ndani na upande wa nje. Kano hizo kila mtu anaweza kuzigusa. Akiketi kitini, akakibonyeza kisigino sakafuni kana kwamba anataka kukivuta nyuma, kisha akatia vidole nyuma ya goti, atazihisi zimesimama kama kamba, moja huku na nyingine kule.

Kwa kuwa misuli hii huvuka viungo viwili, nyonga na goti, kazi zake ni mbili: hukunja goti, na huvuta paja nyuma mtu anapoinuka kitini, anapopanda ngazi au anapotembea. Kwa sababu hiyohiyo, mtu akiinama mbele na magoti yamenyooka, misuli huvutwa kutoka ncha zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo ukakamavu hujitokeza. Ikikataa kurefuka, mgongo wa chini hulazimika kuinama kupita kiasi ili mikono ifike chini, na mtu hulalamikia mgongo wakati sehemu ya tatizo iko kwenye mapaja.

KWA NINI HUKAZA

Maisha ya nyumbani yaliidai miguu mambo ambayo maisha ya hapa hayaidai. Anayefagia ua kwa ufagio wa chelewa huinama kutoka nyongani. Anayekuna nazi juu ya mbuzi hukaa karibu na ardhi, na anayelima kwa jembe la mkono huinama na kuinuka tangu asubuhi. Chakula huliwa mkekani, nguo hufuliwa kwenye beseni, na choo ni cha kuchuchumaa. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi, wala hakuna haja ya kuyasifia kupita kiasi, kwani mengi yalikuwa ya kuchosha. Lakini kila siku nyonga, magoti na vifundo vya miguu vilipelekwa hadi mwisho wa mwendo wake.

Hapa mtu hutoka kitandani akaenda kitini, kitini akaenda kwenye basi, kwenye basi akaenda kazini, na jioni akarudi kwenye sofa. Jiko ni la kusimama na choo ni cha kukalia. Mjini London, katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na baada ya hapo wengi hawatoki tena. Goti likikaa limekunjwa kwa saa nyingi, misuli ya nyuma ya paja haifikishwi kwenye urefu wake kamili. Mwili huhifadhi uwezo unaotumiwa na huachilia taratibu usiotumiwa.

Ipo sababu ya pili ambayo hupuuzwa. Hisia ya kukaza haina maana daima kwamba misuli imefupika. Misuli iliyo dhaifu, au iliyochoshwa, nayo hukaza. Mhudumu wa wazee anayeinua na kugeuza wagonjwa usiku kucha, au kijana wa ghala anayesukuma mizigo, hakai kitako siku nzima, lakini humaliza zamu na mapaja yaliyojaa uchovu. Mtu wa namna hii akinyoosha tu bila kuimarisha, hupata nafuu ya saa chache. Kwa hiyo dawa ina sehemu mbili, kunyoosha na kutia nguvu, na zote mbili zimeelezwa hapa chini.

KUJIPIMA

Kabla ya kuanza, ni vyema kila mmoja ajue alipo. Mtu alale chali juu ya zulia au msala mnene, miguu yote miwili imenyooka. Ainue mguu mmoja taratibu bila kukunja goti, huku ule mwingine ukibaki sakafuni. Asimame pale mvutano unapoanza, si pale maumivu yanapoanza. Mguu ukielekea dari wima ni nyuzi 90; wengi ambao misuli yao haikukaza hufika kati ya nyuzi 70 na 90. Anayesimama njiani, kwenye nyuzi 45 au 50, ana kazi ya kufanya. Apime na mguu wa pili, kwa kuwa si ajabu mmoja kuwa mgumu kuliko mwenziwe.

Jambo moja liangaliwe hapa. Mvutano wa misuli huhisiwa kama kamba inayovutwa nyuma ya paja, na hutulia mguu unaposhushwa. Kama kuinua mguu kunaleta maumivu makali kama ya umeme yanayoteremka hadi chini ya goti au kwenye unyayo, au kunaleta ganzi na hisia ya sindano, huenda ni mshipa wa fahamu unaosumbuka, ambao mara nyingi chanzo chake ni mgongoni. Huo haufai kuvutwa kwa nguvu. Mwenye dalili hizo asiendelee na kunyoosha mpaka aonwe na mtaalamu.

KANUNI TANO ZA KUNYOOSHA

Kwanza, mwili upashwe moto. Kutembea dakika 5, kupanda na kushuka ngazi mara chache, au kutoka katika maji ya moto ya kuoga, hutosha. Misuli baridi hunyooka kwa shida.

Pili, mtu aende hadi kwenye mvutano na asivuke mpaka wa maumivu. Anayeuma meno hujidhuru, kwa sababu misuli inayoumizwa hujikaza ili kujilinda.

Tatu, atulie hapo kwa sekunde 30 huku akipumua kama kawaida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulilinganisha watu walionyoosha misuli hii kwa sekunde 15, sekunde 30 na dakika nzima, siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki 6. Sekunde 30 zilishinda 15, lakini dakika nzima haikuzidi sekunde 30. Mwenye shughuli nyingi aichukue habari hiyo kuwa ni faraja. Wazee huweza kufaidika kwa kukaa kidogo zaidi, kati ya sekunde 30 na 60.

Nne, asirushe mwili juu na chini kama anayechota maji kisimani. Mvuto wa ghafla huamsha kinga ya misuli, ikajikunja badala ya kulegea.

Tano, afanye kila siku au karibu kila siku. Dakika 10 za kila jioni zina manufaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Siku za mwanzo mtu hunyooka zaidi kwa sababu mfumo wa fahamu unajifunza kuvumilia mvutano bila hofu; misuli yenyewe hubadilika polepole zaidi, kwa wiki na miezi. Akiacha, uwezo alioupata hupungua tena. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakina budi kujazwa kila siku.

MAZOEZI YA KUNYOOSHA

La kwanza: kanga na mguu. Mtu alale chali. Akunje kanga au leso kwa urefu, aipitishe chini ya unyayo wa mguu mmoja na kushika ncha zake kwa mikono miwili. Mguu mwingine aukunje, unyayo sakafuni, ili mgongo upumzike. Ainue mguu wenye kanga, goti likiwa limenyooka au limelegea kidogo sana, mpaka ahisi mvutano nyuma ya paja. Atulie sekunde 30, ashushe, apumzike, arudie mara ya pili, kisha abadilishe mguu. Zoezi hili ndilo salama zaidi kwa wenye matatizo ya mgongo, kwa sababu mgongo umelala na hauwezi kujipinda. Mjamzito aliyepita wiki 16 asikae chali kwa muda mrefu. Atumie zoezi la pili badala yake.

La pili: kwenye ukingo wa kiti. Mtu aketi mbele ya kiti imara kisicho na magurudumu. Mguu mmoja aukunje kama kawaida. Wa pili aunyooshe mbele, kisigino sakafuni na vidole vikielekea juu. Aweke mikono juu ya paja la mguu uliokunjwa. Mgongo ukiwa umenyooka, ainame mbele kutoka nyongani, kifua kikitangulia badala ya kichwa. Kosa la wengi ni kuupinda mgongo kama upinde ili mikono ifike vidoleni. Hapo hunyooka mgongo, na paja hubaki lilivyo. Zoezi hili huweza kufanywa kazini wakati wa mapumziko, bila kubadili nguo na bila kulala chini.

La tatu: kigimbi na ukuta. Misuli ya kigimbi, yaani nyama ya nyuma ya mguu wa chini, huvuka goti pia, na ikikaza huongeza ugumu wa mguu mzima. Mtu asimame akiuelekea ukuta, mikono ukutani. Mguu mmoja aupeleke nyuma, goti limenyooka, kisigino kikiwa chini. Asogeze mwili mbele mpaka ahisi mvutano kwenye kigimbi. Baada ya sekunde 30 alilegeze goti la nyuma kidogo bila kuinua kisigino, na mvutano utashuka karibu na kifundo. Akae hapo sekunde 30 nyingine.

La nne: mbele ya nyonga. Anayekaa kitako saa nyingi hukaza pia misuli ya mbele ya nyonga. Mtu apige goti moja juu ya mto, mguu mwingine ukiwa mbele umekunjwa, na ashike kiti kando yake. Akaze makalio, asogeze nyonga mbele kidogo bila kuukunja mgongo nyuma, atulie sekunde 30. Asiyeweza kupiga goti aliache. Mazoezi matatu ya kwanza yanatosha.

MAZOEZI YA KUTIA NGUVU

Haya hufanywa siku mbili au tatu kwa wiki, wala hayahitaji vifaa.

Daraja: mtu alale chali, magoti yamekunjwa na nyayo zote sakafuni. Akaze makalio na kuinua nyonga mpaka mwili uwe mstari kutoka magoti hadi mabega. Ahesabu hadi tatu, ashuke polepole. Aanze na mara 8 na kuongeza hadi 12.

Kuinuka kitini: mtu aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, asimame na kuketi tena polepole mara 8 hadi 12. Akiweza, asitumie mikono. Mzee anayelifanya zoezi hili kwa bidii huona tofauti anapoinuka mkekani, anapotoka bafuni na anaposhuka basini.

Kuchuchumaa kwa kushika: anayetaka kuurudisha uwezo wa kuchuchumaa ashike ukingo wa sinki la jikoni au meza nzito, afungue miguu kwa upana wa mabega, ashuke kadiri awezavyo bila maumivu ya magoti, kisha ainuke. Kila wiki ashuke kidogo zaidi. Ikiwa visigino vinainuka, aweke kitabu chembamba chini yake.

Kijana mwenye kucheza mpira ana neno la ziada. Kabla ya mchezo afanye mazoezi ya mwendo, kama kukimbia taratibu, kurusha mguu na kupiga hatua ndefu. Kunyoosha kwa kutulia muda mrefu akuache hadi baada ya mchezo, kwa kuwa huweza kupunguza nguvu za misuli kwa muda mfupi. Mpango wa mazoezi wa FIFA uitwao 11+ una zoezi la kuimarisha nyuma ya mapaja: mchezaji hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo, naye hujishusha mbele polepole akijizuia kwa nguvu za mapaja. Limethibitika kupunguza majeraha ya misuli hiyo.

NDANI YA SIKU YA KAWAIDA

Madaktari wakuu wa Uingereza hushauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili, na apunguze kukaa kitako kwa muda mrefu bila kukatiza. Nasaha hiyo huweza kuingizwa katika maisha bila kubadili ratiba. Dereva asimame na kunyoosha miguu kila apatapo nafasi kati ya abiria. Anayezungumza na ndugu zake walioko nyumbani kwa simu azungumze akitembea sebuleni. Familia ile mkekani mara moja au mbili kwa wiki, na watoto waliozaliwa hapa wakae pamoja na wakubwa wao, wapate mazoea ambayo viti vya shule haviwapi.

Kwa Waislamu, rukuu na sujudu hupitisha nyonga na magoti katika mwendo mpana mara nyingi kwa siku. Aliyekaza ashuke kwa utulivu, na akihitaji ashike kiti kando yake. Anayesali kitini kwa sababu ya maradhi asijihisi amepungukiwa. Mazoezi haya humsaidia aliye kitini na aliye mkekani vilevile. Wanaopiga magoti kanisani nao waweke mto mdogo chini ya magoti, na wainuke kwa kutanguliza mguu mmoja.

MAMBO YA KUEPUKA

Kuchua kwa mafuta ya moto ni desturi yenye kuburudisha, na kwa misuli iliyochoka haina ubaya. Lakini misuli iliyochanika isichuliwe wala kupashwa moto siku mbili tatu za mwanzo. Aliyesikia mlio au maumivu ya ghafla nyuma ya paja, kisha pakavimba au pakabadilika rangi, apumzike, aweke barafu iliyofungwa kwa taulo kwa muda usiozidi dakika 20 kila mara, na asinyooshe mpaka maumivu yapungue. Akishindwa kabisa kuukanyagia mguu huo, aonwe siku hiyohiyo.

Mtu asikubali kuvutwa miguu na mwingine kwa nguvu. Aliyebadilishiwa nyonga au goti kwa upasuaji afuate maelekezo ya mtaalamu wake wa tiba ya viungo kabla ya haya. Na anayetumia dawa za kupunguza lehemu, akapatwa na maumivu ya misuli yasiyoelezeka, amwulize daktari. Asiache dawa kwa uamuzi wake.

UKAKAMAVU USIO WA KUNYOOSHWA

Sehemu hii isomwe na kila aliye nyumbani, kwa sababu kosa hapa huweza kugharimu maisha.

Damu iliyoganda mguuni. Safari ya ndege kati ya Uingereza na Nairobi huzidi saa 8, na wengi huikalia bila kuinuka. Damu huweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu, na mwenyewe akadhani ni misuli iliyokaza kwa uchovu wa safari. Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba, kuuma kwenye kigimbi au paja hasa wakati wa kusimama au kutembea, na ngozi kuwa na joto. Wekundu huwa mgumu kuonekana kwenye ngozi nyeusi, basi ulinganishwe mguu mmoja na wa pili kwa kuona na kwa kugusa. Mguu huo usichuliwe wala kunyooshwa. Ipigwe simu 111 mara moja. Kama kuna kushindwa kupumua au maumivu ya kifua, ipigwe 999. Wakati wa safari, abiria ainuke, atembee, akunje na kukunjua vifundo vya miguu kila mara, na anywe maji ya kutosha.

Mishipa ya fahamu kubanwa mgongoni. Maumivu ya mgongo na miguu yakifuatana na ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, kushindwa kukojoa au kushindwa kuzuia haja, au miguu yote miwili kulegea, ni dharura. Ipigwe 999 au mgonjwa apelekwe idara ya dharura ya hospitali. Wengi huona aibu kulitaja jambo hili; aibu ya dakika moja ni nyepesi kuliko kupooza.

Mishipa ya damu kuwa myembamba. Anayeumwa na vigimbi kila atembeapo, na maumivu yakaisha anaposimama, amwone daktari wa familia, hasa kama anavuta sigara au ana kisukari.

Upungufu wa vitamini D. Mapaja mazito, mifupa inayouma na ugumu wa kuinuka kitini huweza kutokana na upungufu huu, ambao hauondolewi kwa kunyoosha. Jua la hapa wakati wa baridi halitoshi kwa mwili kutengeneza vitamini hiyo. Serikali ya Uingereza hushauri kila mtu mzima afikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku katika majira ya vuli na baridi. Na wenye ngozi nyeusi, wenye kujisitiri mwili kwa mavazi, na wasiotoka nje mara kwa mara, wafikirie kuitumia mwaka mzima. Kuzidisha nako hudhuru: mtu mzima asipite mikrogramu 100 kwa siku.

KUPATA MSAADA

Mazoezi yakifanywa kwa wiki 6 bila nafuu, au maumivu yakizidi, au yakimwamsha mtu usiku, amwone daktari wa familia, yaani GP. Kumwona GP ni bure katika huduma za NHS, na mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani bila malipo. Aseme anapoweka miadi kwamba anahitaji mkalimani wa Kiswahili, na aeleze kama anataka mwanamke au mwanamume. Si vizuri mtoto kufanywa mkalimani wa mzazi wake katika mambo ya mwili. Katika maeneo mengi mtu huweza kujiandikisha mwenyewe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo bila kupitia kwa GP. Wahudumu wa mapokezi kliniki wataeleza utaratibu wa eneo hilo.

MPANGO WA WIKI SITA

Wiki ya kwanza na ya pili: kanga na mguu pamoja na kigimbi na ukuta, kila siku, mara mbili kwa kila mguu.

Wiki ya tatu na ya nne: liongezwe zoezi la ukingo wa kiti kila siku, na daraja siku mbili kwa wiki.

Wiki ya tano na ya sita: kuongezwe kuinuka kitini, na kwa awezaye, kuchuchumaa kwa kushika na zoezi la mbele ya nyonga.

Mwisho wa wiki ya sita mtu ajipime tena kwa kulala chali na kuinua mguu, alinganishe na siku ya kwanza. Wengine wataongeza nyuzi nyingi, wengine chache. Kipimo kikubwa zaidi kimo katika mambo ya kila siku: kufunga kamba za viatu bila kuketi, kushuka ngazi bila kushika ukuta, kukaa na wajukuu mkekani na kuinuka bila kuvutwa mkono. Yaliyofaa yaendelezwe baada ya hapo, kwa kuwa miguu huyashika yale inayofanyishwa kila siku.

Karatasi hii ibandikwe mahali ambapo watu wote wa nyumba wataiona, na asiyeweza kusoma asomewe.